Kimea cha Shosho

Nikuambie ukweli, sikwenda kwa sababu ya wiski. Wifi yangu alikuwa amepata kadi mbili za mwaliko wa kuonja wiski katika hoteli moja hapa Nyeri mjini, mumewe akakataa kutoka, naye hakutaka kukaa peke yake kati ya wanaume wenye makoti. Ilikuwa Jumamosi mchana, mvua imekatika, mlima umejificha kama kawaida yake. Mezani kila mtu aliwekewa glasi tatu ndogo zenye tumbo pana na mdomo mwembamba, na jagi dogo la maji.

Aliyetuelekeza alikuwa mama wa makamo kutoka Timau, kule kwenye mashamba makubwa ya shayiri. Alisema aliisomea kazi hiyo huko huko Uskoti. Kabla hajamimina chochote alipitisha kisahani chenye punje za shayiri kavu.

"Msishike glasi bado," alisema. "Tafuneni hii kwanza. Wiski yote iko hapa ndani."

Nikatafuna. Punje ilivunjika kirahisi kama biskuti, ikawa tamu, na nyuma ya ule utamu ukaja moshi. Nikaacha kutafuna. Wifi akaniuliza kama nimevunjika jino.

Jino lilikuwa zima. Ni mimi niliyekuwa nimerudi Kiganjo, nina miaka kumi na mmoja, nimechuchumaa kwenye stoo ya shosho huku mkono wangu umezama ndani ya mtama.

Shosho, mama yake baba, hakuzaliwa Kiganjo. Aliolewa kutoka kule chini Tharaka, nchi ya joto, akaletwa kwenye baridi yetu ambako mtama hausitawi. Basi kila baada ya mavuno kaka yake alimtumia gunia moja. Shosho alilifungua mwenyewe, akanusa, akachota kiasi na kuloweka kwenye karai. Baada ya siku moja aliuchuja mtama ule na kuutandaza juu ya gunia bichi pembeni mwa stoo, akaufunika kwa majani ya mgomba. Kazi yangu ilikuwa kuunyunyizia maji na kuugeuza asubuhi na jioni, usije ukashikana na kuoza.

Kazi hiyo niliipenda kuliko zote. Julai ya Kiganjo unaijua: ukungu mpaka saa nne, vidole vimekufa ganzi kwa kuchuma sukuma wiki yenye umande. Lakini ukiingiza mkono chini ya yale majani, ndani kulikuwa na joto kama chini ya kuku anayeatamia. Na harufu yake! Matango mabichi, udongo uliolowa, na kitu kingine ambacho mpaka leo sina neno lake. Siku ya tatu kila punje ilikuwa imetoa mkia mweupe. Hapo shosho aliuanika juani, na jua likikosekana aliupandisha kwenye dari ya fito juu ya meko, ukakaushwa na moshi wa kuni za mwati. Hicho ndicho kilikuwa kimea.

Kimea kilinisumbua akili. Mtama mkavu ukiutafuna ni kama kutafuna chaki. Ukiota, ni mtamu. Nani ametia sukari? Tena shosho alikuwa akipika uji mzito karibu uwe ugali, anauepua, anaungoja upoe kidogo, anatia konzi moja ya unga wa kimea na kukoroga. Uji unalegea mbele ya macho yako kama aliyeambiwa habari mbaya, na unakuwa mtamu.

"Mbegu ikiamka inataka kula," shosho aliniambia. "Inajipikia."

"Inapika bila moto?"

"Sasa hiyo uliza mwalimu yako. Mimi niko na kazi."

Nikamuuliza. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mwanamume mrefu, mikono ya koti lake daima ina vumbi la chaki. Wenzangu walicheka, yeye hakucheka. Aliniambia nilete mtama wa aina zote mbili, ulioota na usioota. Alisaga, akatia kila unga kwenye kikombe chake chenye maji ya moto yasiyochemka, akatuacha tukacheze. Tuliporudi alidondosha iodini. Kikombe cha kwanza kiligeuka bluu iliyokaribia weusi. Kile cha kimea kilibaki rangi ya chai ya rangi.

"Wanga umeenda wapi?" alituuliza. Nilihisi nywele zinanisimama. Akatueleza kwamba mbegu inapoota hutengeneza kitu cha kukatakata wanga uwe sukari, ili mmea mchanga upate chakula. Kumbe shosho alikuwa amesema kweli, ila kwa maneno machache.

Mwalimu akaamua kwamba siku ya wazazi nitasimama na vikombe vyangu nieleze. Mgeni wa heshima alikuwa chifu wetu. Shosho alikaa safu ya tatu, amejitanda shali ya kanisani. Nilieleza vizuri, nakuambia. Kuloweka, kugeuza, mkia mweupe, moshi, iodini. Watu wakapiga makofi, na mwalimu akanipungia mkono nikakae.

Lakini chifu alikuwa amefurahi. Akauliza, "Na hiyo sukari sasa, nyumbani mnafanyia nini?"

Ningesema uji, mambo yangeisha. Lakini swali lilikuwa zuri na jibu nilikuwa nalo.

"Inawekwa kwa mtungi na kidogo ya ile ya zamani," nikasema. "Inafunikwa. Siku ya tatu inachemka bila moto. Iko hata saa hii, mitungi mbili, ya ruracio, ile siku ya mahari ya shangazi yangu."

Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika. Wakati huo pombe ya kienyeji ilikuwa marufuku, na kila mtu pale alijua isipokuwa mimi. Nilimtafuta shosho kwa macho. Alikuwa anatazama mikono yake.

Jumatatu chifu alikuja na askari wawili. Hakuwa na ukali wowote, na hilo lilifanya iwe vibaya zaidi.

"Chifu, hiyo ni ya ruracio," shosho alimwambia. "Mimi siuzi."

"Najua, mama. Lakini mtoto amesema mbele ya watu wote. Nikiacha, mimi nitakuwa nani?"

Wakaimwaga mitungi yote miwili kwenye sukuma wiki, wakaivunja. Povu la rangi ya kahawia lilipita kati ya mashina likiwa bado linatoa sauti ndogo, kama watu wanaonong'ona. Shangazi yangu, kitinda mimba wa shosho, alilia jikoni. Jumamosi wageni wangekuja kuleta mahari yake, na kuwapokea bila pombe ya kimea, kwa desturi ya shosho, ilikuwa ni kuwaambia kwamba hawakutarajiwa.

Walikuja. Walipewa chai, kisha uji wa kimea kwenye vibuyu. Mzee wao mmoja alichungulia ndani ya kibuyu chake kwa muda mrefu.

"Ati tumekuja kubatiza mtoto?" akauliza.

Shosho alisimama. Nilikuwa mlangoni nimebeba sinia, nikajua sasa nitatajwa. Alisema pombe ilikuwapo, serikali imeimwaga, na mwenye makosa ni yeye kwa sababu hakuificha vizuri. Basi. Hakunitazama hata kidogo. Yule mzee akanywa, akapangusa masharubu, akaomba kingine. Shangazi akaolewa.

Hakuna aliyenigombeza, kwa hiyo nikajiadhibu mwenyewe. Nikaacha kuuliza maswali, shuleni na nyumbani. Mwalimu aliniita mara mbili, nikasema naumwa na kichwa. Wiki zikapita hivyo mpaka asubuhi moja shosho akaniita stoo. Karai ilikuwa imejaa mtama uliolowekwa.

"Umenyamaza sana," akasema. "Mitungi zitafinyangwa zingine. Wewe ukiharibika, nitakufinyanga na nini?"

Nililia, naye akaniacha nilie huku akichuja mtama. Nilipomaliza aliniambia nigeuze, na aliposikia bado niko kimya akasema, "Haya. Uliza."

Nikauliza kwa nini tunakausha siku ya tatu na si ya sita. Akacheka mpaka akashika mbavu. Tuliacha konzi moja pembeni iendelee, na siku ya sita ikawa nyasi. Tukaitafuna wote wawili. Haikuwa na utamu wowote.

"Imekula chakula yote," shosho akasema. "Unaona? Tunaiwahi kabla imalize."

Pale hotelini nilinyoosha mkono na kuuliza Uskoti wanaiacha shayiri iote siku ngapi. Mama wa Timau akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Siku tano, sita hivi, maana kwao ni baridi. Nani amekufundisha kuuliza hiyo?"

Baada ya hapo nilimsikiliza kwa masikio yote. Alisema wao hukaushia tanurini, na sehemu nyingine huchoma udongo mweusi wa kinamasi unaokatwa kama matofali, moshi wake ukaingia kwenye punje. Husaga, hutia maji ya moto yasiyochemka, huchuja ule mchuzi mtamu, hutia hamira. Ikishakuwa kama bia huipika mara mbili kwenye vyungu vikubwa vya shaba na kukusanya mvuke uliopoa. Wa mwanzo na wa mwisho hawautii pipani, huchukua wa katikati tu. Huo ni mweupe kama maji, na hulala kwenye mapipa ya mwaloni miaka mitatu au zaidi, ndipo upate rangi. Kila mwaka sehemu yake hupotelea hewani, nao husema malaika ndio wameinywa. Glasi ya kwanza ilinichoma pua. Nilipotia matone mawili ya maji, kama tulivyoelekezwa, ikafunguka: asali, ganda la chungwa, na mbali kabisa, moshi wa jiko la mtu.

Shosho alifariki nikiwa sekondari. Jiko lake lilibomolewa, stoo ikafuata, na pale penye sukuma wiki sasa pana nyumba za kupangisha. Hakuna anayeotesha mtama Kiganjo. Unga wa uji tunanunua umefungwa kwenye pakiti, na watoto wangu wanatia sukari ya dukani.

Sasa najua Mskoti anavyotengeneza wiski yake tangu punje hadi pipa. Ya shosho naijua mpaka kukausha tu. Kilichofuata mtungini, kipimo cha ile ya zamani, maji kiasi gani, alijuaje imeiva, sikumuuliza kamwe. Hilo ndilo swali moja niliogopa kuligusa, naye baada ya ile Jumatatu hakutengeneza pombe tena.

Jioni ile nilimpigia shangazi simu. Labda yeye aliona, labda aliambiwa.

"Hata mimi sijui," akasema. "Nilidhani wewe ndiye alikuonyesha."