Jicho Moja Libaki Nyumbani

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, tunaishi Mpumudde mjini Jinja, siku nilipomwangusha mdogo wangu kwa kumshika mkono tu. Mpaka leo nikiikumbuka siku ile mwili unanisisimka. Habari za watu wengine nimezisimulia sana, hii ya kwangu nimekuwa nikiikwepa. Basi leo naisema, na anayetaka kunicheka anicheke.

Nyumbani tulisema Kiswahili, na majirani walituona watu wa ajabu, maana mtaani kila mtu alisema Kisoga. Sababu ilikuwa babu yetu mzaa mama, Mgishu wa Mbale aliyekuwa askari, akawalea watoto wake kwa lugha ya kambini. Alipofariki, mkewe alikuja kukaa nasi. Tulimwita Kukhu, kama Wagishu wanavyowaita bibi zao. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, swala tano hazimpiti, na alikuwa na ugomvi na vioo.

Mvua ikianza kunguruma alikifunika kwa leso kioo cha kujitazamia. Hilo halikutushangaza, nyumba nyingi za kwetu hufanya hivyo kwa kuogopa radi. Lakini Kukhu aliifunika na televisheni, tena hata jua likiwaka. Simu ya Mama, ile ya kwanza ya kioo kipana kuingia nyumbani, aliilaza kifudifudi kila alipoikuta mezani. Alisema kioo chenye mwanga wake chenyewe kinavuta watu, na macho yote mawili yakiingia humo, mwenye macho atayafuata. Tulipopita naye mjini mbele ya maduka ya televisheni, aliziba jicho la kushoto kwa kiganja na kutukokota kwa mkono wa pili kama mbuzi wa sadaka.

"Jicho moja ibaki nyumbani," alituambia. "Na usifumbe yote mbili. Ukifumba yote, ndio umefungulia hiyo kioo mlango."

Nani angeacha kucheka? Mimi ndiye niliyekuwa mtundu wa nyumba, nikamwiga Kukhu hadi shuleni, natembea nimeziba jicho moja huku wenzangu wanashika mbavu. Mama naye alicheka jikoni, kwa siri, akasema hayo ni mambo ya mlimani kwao. Rehema, mdogo wangu wa miaka saba, alicheka kwa sababu mimi nilicheka.

Ila Rehema hakucheka muda mrefu. Katika simu ya Mama kulikuwa na mchezo wa kupasua pipi za rangi, kila zikipasuka kioo kizima kinawaka na kuzimika. Akiucheza kidogo tu, kichwa kinamgonga, tumbo linamchafuka, mara nyingine anatapika. Alisema anaona nyota hata akiangalia ukuta. Siku nyingine alinyamaza katikati ya neno, kikombe mkononi, macho yametua pasipo na kitu, halafu akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Mimi nilimwambia anajidekeza.

Mama alidhani ni njaa, kisha minyoo, kisha malaria. Dawa zote hizo Rehema alizinywa na hakuna kilichobadilika. Mwishowe akapelekwa kwa sheikh mmoja wa Nalufenya, akaandikiwa kombe: aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zinaoshwa kwa maji, yale maji mgonjwa anayanywa asubuhi saba. Rehema alikuwa msumbufu wa kunywa. Sasa ili atulie mkekani amalize kombe lake, unajua Mama alimpa nini? Alimpa simu. Asubuhi saba mfululizo mtoto anakunywa dawa ya kichwa huku anapasua pipi, na sisi wote tunashangaa mbona haponi.

Kukhu aliipokonya ile simu siku ya saba, wakagombana na Mama vibaya. Mama alisema hii ni simu tu, mama yangu, haina shetani, na watoto wa wenzetu wote wanacheza. Tangu siku ile Kukhu aliacha kupokonya, akamfundisha Rehema kuziba jicho. Na Rehema akashika. Alicheza ameziba jicho moja kwa kiganja, akawa haumwi tena kichwa kama zamani, akanieleza kwa furaha. Badala ya kufurahi nilichukia. Niliona mdogo wangu anageuzwa kibibi mbele ya macho yangu.

Ikafika Idd. Nyumba ilijaa, wanawake wamekaa mikekani na sahani za pilau, watoto wa binamu wamekuja kutoka Masese, na mchana ule tukafunga mapazia ili picha ya televisheni ionekane vizuri. Ulikuwa muziki wa ukumbini, taa zinawaka na kuzimika haraka haraka mpaka kuta za sebule zinacheza. Kukhu alikuwa chumbani anaswali adhuhuri. Rehema alikaa karibu yangu, mbele kabisa, akainua kiganja na kuziba jicho lake.

Watoto wa Masese walianza kumcheka. Wakauliza huyu ana nini, ni chongo? Uso wangu uliwaka kwa aibu, kana kwamba nimevuliwa nguo mimi.

"Toa hiyo mkono," nilimwambia.

Alitikisa kichwa. Nikamshika kifundo cha mkono, nikaushusha kwa nguvu, nikaubana kwenye mapaja yangu kwa mikono yangu miwili.

"Angalia kama watu."

Akaangalia. Aliniamini, mimi ni dada yake. Sijui zilipita dakika ngapi, labda hata moja haikufika. Nililolijua kwanza nililijua kwa vidole: ule mkono niliokuwa nimeubana uligeuka mgumu kama mti. Kisha ukaanza kurukaruka. Nilipomgeukia, macho yake yalikuwa yamekwenda juu, meupe, na mdomo umekaza upande.

Kwetu watu wanaamini kifafa kinaambukiza kwa mate. Mate ya anayeanguka yakikugusa, wewe ndiye wa pili. Basi sebule iliyokuwa imejaa watu ikabaki tupu kufumba na kufumbua, sahani zimepinduliwa, pilau imekanyagwa. Mama alitaka kumwendea mwanawe, wanawake wawili wakamshika mikono mlangoni wakimwambia subiri kwanza. Na mimi? Nilikuwa wa kwanza kufika uani. Niliufungua mkono wa mdogo wangu kama mtu anayetupa kaa la moto, nikakimbia, nikasugua mikono yangu mchangani mpaka ngozi ikauma. Nililia, lakini niliendelea kusugua.

Kupitia upenyo wa pazia la dirisha nilimwona Kukhu akitoka chumbani na joho lake la swala. Hakuuliza kitu. Alizima televisheni, akafungua mapazia, akamlaza Rehema ubavu, akavua ushungi akaukunja chini ya kichwa chake. Mmoja wa wageni alimletea kijiko ili amtie mtoto mdomoni, akakitupa mbali. Halafu akafuta lile povu kwa kiganja chake kitupu. Wanawake walishika vinywa. Mmoja akamwambia asiguse, mate yale yatampata.

"Mimi si wa kuogopa hii," alijibu, bila kuinua uso.

Rehema alizinduka akauliza kama amelala. Hakuna mgeni aliyekula tena nyumbani kwetu siku ile.

Wiki ile ile Kukhu akasema mtoto anakwenda Mbale hospitali, na safari hii Mama hakubishana. Rehema alikataa kwenda bila mimi. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote nilichofanya. Njia nzima nilikaa naye bega kwa bega, yeye amelala begani pangu.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Aliuliza mengi, kuhusu simu, kuhusu kutapika, kuhusu zile nyota na ule ukimya wa katikati ya neno. Akampima, kisha akaeleza kwamba ni kifafa, cha aina inayoamshwa na mwanga unaowaka na kuzimika haraka. Hakiambukizi, si kwa mate wala kwa kitu kingine. Atakunywa dawa kila siku, akae mbali na vioo vya namna hiyo, na chumba kisiwe giza. Halafu akaongeza, kama jambo dogo tu:

"Mwanga ukimkuta ghafla, azibe jicho moja kwa kiganja. Asifumbe yote mawili, inaweza kuzidi."

Nilipigwa na butwaa. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamtazama Mama, mdomo wake ulikuwa wazi. Tukamgeukia Kukhu sote wawili, naye alikuwa anatazama sakafu.

Tulikaa kwenye benchi la baraza, tunasubiri dawa. Mama alimwuliza nani alimfundisha. Kukhu alitazama huku na huku kama kuna mtu wa kutusikia, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ni mto. Alipokuwa msichana mlimani alichota maji mtoni, jua likimetameta juu ya maji naye anaanguka. Mama yake alimficha. Peke yake, kwa kuanguka na kuumia, aligundua kwamba akiziba jicho moja mapema inapita, na akifumba yote ndiyo anakwenda kabisa. Nyumbani walisema maji yanavuta watu, naye akaacha waseme hivyo. Zilipokuja televisheni akasema kioo kinavuta watu.

"Babu yenu amekufa hajui," alisema. "Ningesema kifafa, nani angenioa? Nani angekula na mimi? Nikisema ni kioo, nyinyi mnacheka tu."

Hapo ndipo nilipopasuka. Nilisema yote, mkono, mapaja, watoto wa Masese, yote, kwa kwikwi hata maneno hayatoki sawasawa. Mama aliinua mkono kunipiga, Kukhu akaushika. Rehema aliniangalia tu, akasema alijua, nilimbana sana.

Rehema sasa ni mtu mzima, ana kazi, ana mume anayejua kila kitu, dawa zake ziko kabatini mahali pa wazi. Kukhu tulimzika Mbale. Watu wakinisikia nikisimulia haya husema ajabu ni kwamba imani za wazee zina ukweli ndani yake. Mimi nawaambia hapana, hilo silo lililonishtua. Kilichonishtua ni kwamba mgonjwa aliishi nyumbani mwetu, akatupikia, akatuogesha, na katika watu wote wanaompenda hakumpata hata mmoja wa kumwambia. Aliona afadhali aitwe mshamba. Na hakukosea. Siku ya Idd alitoka chumbani akatazama nani amebaki sebuleni, na hakubaki mtu. Nilikuwa na miaka kumi tu, na tayari nilikuwa mmoja wa wale ambao alijificha maisha yake yote wasimjue.