Mwanya wa Mdogo Wangu

Juzi nilirudi Rumonge, mji wetu wa ziwani, nikapita sokoni kutafuta ndagala, dagaa wa kwetu. Muuzaji alimshika kidevu mtoto wa mteja wake, akashangilia: "Aa, huyu mutoto iko na mwanya!" Wivu ukanipanda pale pale, mtu mzima mimi, mvi zimeanza. Ngoja nikuambie wivu huo ulikotoka.

Mdogo wangu wa kike alikuwa na mwanya kuliko watoto wote wa mtaa. Meno yake yalikuwa madogo na yalikaa mbalimbali, kila moja na uwanja wake. Midomo minene, pua pana, sauti nzito. Kwetu mwanya ni urembo, kwa hiyo hakuna aliyewaza ugonjwa. Wageni walimwomba acheke. Mimi nilikuwa na meno ya kumenya muwa hadi kwenye fundo, na sikumbuki hata mmoja aliyeyasifu.

Bibi ndiye aliyeniumiza zaidi. Alisema mtoto yule ana sura ya marehemu mama yake yeye bibi, akawa anamwita "Mama" na kumheshimu hivyo hivyo. Tukitoka kugeuza ndagala juani na kufukuza kunguru, alimnawisha yeye kwanza, akamchambulia miiba ya samaki wa mukeke na kumlainishia ugali wa muhogo kwa mchuzi wa mawese. "Mama, kuya kula." Mimi nilikuwa "we mukubwa, leta maji."

Vidole vya mdogo wangu vilipoanza kukakamaa, mama yetu mzazi alimpeleka hospitali Bujumbura. Daktari alitazama kinywa kabla ya vidole. Akaeleza kuwa ni ugonjwa wa nadra, wa kurithi kwa baba na mama wote wawili: mwili unashindwa kuvunjavunja sukari fulani, mabaki yanajikusanya, na hayo ndiyo yaliyopanua pua, yakanenepesha ulimi na kutawanya meno. Bibi alipoelezwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyo muganga hakujua mama yangu." Akaendelea kumwita vile vile. Nami, hata baada ya kujua, niliendelea kuona wivu.

Mdogo wangu alifariki kabla hajavunja ungo. Msibani bibi alilia kama yatima, na wanawake wakampa pole ya kufiwa na mzazi. Nilikaa mkekani nikijiuliza mimi ningeliliwa vipi.

Bibi alipozeeka na macho kufifia, niliyemuuguza ni mimi. Siku moja nikimlisha, alinyoosha mkono. "Mama?"

"Niko hapa," nikadanganya.

Vidole vyake vikapita puani kwangu, midomoni, vikasimama. "Hapana," akasema kwa upole. "We uko mutu muzuri, lakini sikujui."

Bibi naye amekwenda, na nyumba ile wanaishi wengine. Watu huniambia nimshukuru Mungu kwamba ugonjwa ule ulinipita. Namshukuru. Lakini sura ile ya mdogo wangu, ugonjwa na yote, ningeitaka hata kwa siku ile moja tu, bibi anijue.