Babu alivyoangukia kwenye hori la ndizi: toleo la darasa la tatu, la tano na la saba

Wakuu, poleni na mihangaiko. Mlionizidi umri, shikamooni.

Haya nayaandika kama yalivyotokea. Mhusika mkuu ni baba yangu mzazi, kwa hiyo nikitia chumvi nitalaaniwa.

Mimi ni fundi pancha hapa Lusahunga, malori ya kwenda Rusumo ndiyo yananilisha. Familia iko Kanazi, Ngara, kwenye kiwanja alichotukatia mzee kando ya migomba yake. Hilo la kiwanja likumbukeni.

Binti yangu Devota alikuwa darasa la tatu. Siku hiyo mzee alikuwa anakanyaga ndizi za rubisi. Kwa wasiojua, hiyo ni pombe yetu ya ndizi. Ndizi mbivu zinatiwa kwenye hori refu la gogo pamoja na nyasi, mwanaume anaingia miguu mitupu, anakanyaga mpaka maji yake yatoke. Kazi ya heshima hiyo, na mzee wangu anajulikana nayo kata nzima.

Basi akaanguka chali humo humo, maji ya ndizi mpaka masikioni.

Ukafika mkutano wa wazazi. Shule yetu ina desturi, watoto wanasoma insha zao mbele ya wazazi. Devota akasimama:

"Babu alikuwa anakanyaga ndizi. Halafu akacheza. Halafu akaanguka. Halafu akaloa. Halafu bibi akacheka. Halafu sisi tukacheka. Mwisho."

Wakuu, watu walicheka mpaka mwenyekiti wa kijiji akashika nguzo. Na mzee alikuwa amekaa mbele kabisa.

Kuanzia hapo akawa Mzee Halafu. Akifika kilabuni, mtu anamuuliza tu, "Halafu?" Basi watu hoi.

Akaniita. "Mwanao akinisoma tena mbele ya watu, hama kwenye kiwanja changu."

Mzee wangu hatanii. Mbuzi wa jirani aliyekula maharage yake mpaka leo hawasalimiani. Na mbuzi, siyo jirani.

Devota akafika darasa la tano. Mwalimu wake wa Kiswahili akawafundisha kwamba hadithi lazima iwe na tatizo. Akaja nyumbani na insha ile ile, ila sasa babu anafukuzwa na simba, anarukia kwenye hori, ndani ya hori kuna mamba, anapigana naye, halafu "nikashtuka, kumbe nilikuwa naota."

Nikamuuliza, "Simba wa Kanazi ametokea wapi?"

"Baba, bila simba hakuna tatizo."

Kumbe mzee alikuwa anasikiliza dirishani. Akaipenda sana, maana kuangushwa na simba siyo aibu. Wiki nzima alikuwa anaihadithia kilabuni kama ilivyo, isipokuwa ile ndoto aliikata.

Mwaka huu Devota yuko la saba. Mahafali yakakaribia, akachaguliwa kusoma insha. Nikamuuliza anasoma nini.

"Ya babu."

Presha ikanipanda. "Mwanangu, andika kuhusu faida za miti. Miti haina kinyongo."

"Baba, hii sasa ndiyo naijua."

Nilimbembeleza wee, akagoma. Mke wangu akaanza kuangalia vitu gani tutabeba kwanza.

Siku ikafika. Mzee kavaa koti lake la kanisani, kakaa mbele na mkongojo wake. Mimi nilikaa karibu na mlango, sioni aibu kusema.

Devota hakuanza na hori. Alianza na bibi yake, yaani mama yangu, alivyougua masika yote, amegeukia ukutani, haongei. Halafu asubuhi moja wakamtoa nje, wakamkalisha kwenye mkeka karibu na migomba. Babu akamwona. Akaacha kukanyaga, akaanza kucheza ngoma ya harusi humo humo kwenye hori, huku anamwangalia yeye tu.

Akasoma: "Babu amekanyaga ndizi tangu ujana wake. Sijawahi kumwona anateleza. Siku hiyo alianguka, na bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Tulikuwa tumesahau kicheko chake kinafananaje."

Akakunja karatasi, akakaa. Hakusema mwisho.

Mama tulimzika mwaka uliofuata baada ya siku ile ya hori. Nililia pale pale mahafalini, wakuu, na nilikuwa nimevaa tai.

Mzee mmoja wa kilabuni, kwa mazoea tu, akasema kutoka nyuma, "Halafu?"

Hakuna aliyecheka. Mzee wangu akainuka taratibu, akageuka nyuma.

"Halafu akafa," akasema. Akakaa.

Njiani kurudi nilikuwa nangoja hukumu ya kiwanja. Tulipofika kwenye migomba yake akasimama.

"Mimi niliteleza tu, ujue. Nyasi zilikuwa mbichi."

"Ndiyo, baba."

Akatembea hatua chache, akasimama tena. "Lakini muache aandike hivyo hivyo. Mama yako angependa."

Wakuu, nilichojifunza: mtoto mdogo anakwambia kilichotokea. Akikua kidogo anakuletea simba. Akikomaa anaanza kujiuliza mtu alikuwa na nini moyoni, na anajua pa kunyamaza. Kwa hiyo insha ya darasa la tatu isikuchoshe, isome na uitunze. Na usimlazimishe kuandika faida za miti.

Walimu na wazazi mliopo humu, wanenu wameshawaandika? Wekeni hapa na sisi tucheke. Kiwanja bado ninacho. Ila mkipita Kanazi, lile neno la kilabuni msimwambie mzee. Siku hizi halisemi mtu.