Saa Iliyolala Kalundu

Candide Ndahiro, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Kavimvira, Uvira, hajawahi kujibu swali kwa neno moja. Ukimwuliza saa ngapi, atakuuliza kwanza unataka saa ya aina gani.

Zamani mashindano ya mitumbwi ya bandari ya Kalundu yaliamuliwa kwa macho. Wote waliondoka pamoja, pua ya kwanza kugusa mchanga ikashinda, na mbishi alizomewa na wauza ndagala, dagaa wa ziwani. Lakini siku hizi macho ni ushamba. Mwaka huu kamati iliamua mitumbwi saba iondoke mmoja mmoja, Candide apime hadi sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kana kwamba wapiga kasia ni radi. Akifaulu, ataajiriwa bandarini kuandika nyakati za meli. Alikuwa na miaka minne bila kazi.

Programu aliiandika nyumbani, kwenye Mac ya mtumba. Kila mtumbwi aliupa uzi wake, yaani kazi ndogo inayokwenda sambamba na nyingine. Siku yenyewe kamati ikamletea laptop yenye mfumo mwingine, Linux.

"Hakuna shida, Papa Evariste," alimwambia prezida wa kamati. "Zote ni ukoo wa Unix."

Kana kwamba ndugu wa ukoo mmoja hawajawahi kugombana.

Mtumbwi wa Amisi, mtu wa kijiji cha Makobola, ulitumia dakika ishirini na mbili, ukaongoza. Wa mwisho, wa Evariste mwenyewe, ulikuwa bado majini umeme ulipokatika. Candide akafanya tunavyofanya sote Uvira: akafunga kifuniko cha mashine ilale, kutunza betri. Aliifunua mtumbwi ulipokaribia mchanga. Ulipougusa, mashine ikaandika dakika kumi na tatu! Evariste akacheza.

"Weye Candide!" Amisi alipiga kelele. "Tumesonga ugali, tumekula, tumenawa, hawa bado wako mu maji! Iko dakika kumi na tatu za wapi?"

Candide akapekua kumbukumbu za mashine. Kwenye Mac, saa ya ndani aliyoichagua kwa programu yake huendelea kuhesabu hata mashine ikilala. Kwenye Linux, saa yenye jina lile lile husimama. Mtu mwingine yeyote pale asingejua. Evariste alikuwa ameshika barua ya kazi, sahihi mbichi.

"Waambie, mwanangu. Mashine inadanganya?"

"Ililala dakika kumi na mbili, Papa. Uziongeze."

Evariste aliikunja barua mara nne, akaitia mfukoni. Amisi akapewa kombe. Candide alirudi Kavimvira kwa miguu, na njia nzima hakuna aliyemwuliza saa.