Chumvi ya Ujiji na Kodi ya Bibi Wawili

Faradji wa Kasongo alikuwa mtu wa kuamini karatasi. Vita vilipoanza, mwaka wa 1914, serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, ilimnyang'anya mizigo yake yote ya chumvi pale Ujiji, ikamwachia karatasi yenye muhuri. Alirudi nayo kwa miguu kupitia Kabambare, kaifunga ndani ya kilemba, akijipa moyo: Wazungu si ndugu? Muhuri wa mmoja mwenziwe atausoma. Hakuwa mjinga, maskini. Hakuwa na kingine cha kushika.

Siku ya kodi alipanga mstari, akamkabidhi Grégoire, karani wa Wabelgiji, ile karatasi, akaomba hasara ya chumvi ipunguzwe kwenye kodi yake. Grégoire aliigeuzageuza.

"Mzee Faradji, hii ni ya Wadachi. Serkali yetu haihesabie mali yenye ilipotea. Inahesabia mwanaume na bibi zake. Uko na bibi wawili, na bibi wa pili anaongeza kodi."

"Na nikikosa?"

"Gereza."

Faradji alifikiri haraka, na hapo ndipo alipojiponza. Daftari ni la Mzungu, aliwaza, nyumba ni yangu.

"Andika mumoja. Bibi mudogo, Safi, nimemuacha."

"Utamudanganya Mzungu, kesho umurudishe."

"Simurudishe. Nimemuacha talaka tatu."

Waislamu wenzake waliokuwa nyuma yake kwenye mstari walilisikia neno hilo, na mmoja akachomoka kwenda kulitangaza.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Safi, mke mdogo ambaye Faradji alimpenda mpaka watu wakamcheka, alikuwa amekwisha kunja mkeka wake.

"Ulisema talaka tatu, mbele ya watu?"

"Nilisema kwa ajili ya kodi tu, Safi."

"Talaka haina muchezo, Baba. Siko bibi yako tena." Akajitwika kapu. "Niko na mpunga wangu ndani. Ungeniambia tu, tungeuuza."

Faradji hakulia. Moyo ulimfa ganzi kama mkono uliolaliwa. Alikula alipopakuliwa, alilima, aliitika mke mkubwa alipomwita. Karatasi ya Ujiji ilibaki kilembani, na hakuifungua tena.

Mwaka uliofuata alisimama kwenye mstari uleule. Mbele yake alikuwa fundi cherehani wa Nyangwe. Grégoire akasoma majina ya wake wa fundi yule, mmoja mmoja. La mwisho lilikuwa Safi.

Fundi akalipa, akaondoka. Faradji akasogea hatua moja, maana zamu ilikuwa yake.

"Bibi wangapi?"

"Mumoja," akasema.