Spika za Fundi Ngurumo na sikio la mkewe

Saa mbili kasorobo asubuhi, fundi amekaa kwenye kigoda, ameegemeza paji la uso kwenye sanduku la mbao na kufumba macho. Ukimwona kwa mbali utadhani anaomba, au usingizi wa jana haujamtosha. Ndani ya sanduku kuna spika inayonguruma, na mwanamume huyu anaisikiliza kwa mifupa ya kichwa.

"Vipi?" anauliza kwa sauti kubwa, bila kuinuka.

Mkewe amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Anainamisha shingo, kama mtu anayesikia hodi nyumba ya pili.

"Bado inaongea puani!"

"Puani sana au puani kidogo?"

"Kama mtu aliyeamka na mafua."

Fundi anainua kichwa na kutazama ukutani. Hapo ameandika kwa chaki maneno ya mkewe, na tiba ya kila neno. Inaongea puani: badilisha kapasita. Inakohoa: sanduku linavuja hewa. Inatafuna maneno: karatasi ya koni imechoka. Imelewa: transfoma imezidiwa. Anachukua chuma cha kulehemu, anapuliza vumbi kwenye bodi, anainama tena.

Mtaani wanamwita Fundi Ngurumo. Ana miaka hamsini na minane, viganja vipana kama makasia, na penseli nyuma ya sikio. Wengi wanaamini jina hilo limetokana na besi ya spika zake. Wengine wanasema ni sauti yake mwenyewe, maana akikusalimia, jirani wa nyumba ya tatu huitikia.

Kumbe fundi huyu wa spika hasikii vizuri.

Kwa miaka ishirini na sita alifanya kazi kwenye kiwanda cha samani, akisimama kando ya mashine kubwa ya randa. Hakuna aliyewapa cha kuzibia masikio, na wao vijana waliona kuziba ni woga. Sikio la kulia lilikufa kwanza. La kushoto limebaki na sauti nene tu; maneno huyaambulia nusu, mtu akipaza sauti, nusu nyingine hukisia. Ndege, mluzi na kengele ya baiskeli vilimhama kimoja kimoja, bila kuaga.

"Siku moja nikamuuliza mke wangu, mbona birika letu siku hizi halipigi filimbi? Akaniambia, linapiga, baba, wewe ndiye hupo."

Kiwanda kilipopunguza watu, alirudi nyumbani na patasi zake, msumeno, na deni la usingizi. Jirani alikuwa ametupa sabufa ambayo sanduku lake la plastiki lilikuwa limepasuka kwa kuanguka. Fundi aliiokota kwa udadisi. Akaifungua, akakuta bodi nzima, transfoma nzima, kisichofaa ni nyumba tu.

"Nikajiambia, mimi nyumba najua kujenga."

Huo ndio mwanzo wa kazi ya miaka tisa. Hununua sabufa za bei nafuu zilizopasuka, kwa bei ya mikate miwili au mitatu. Huzitoa roho, kama anavyosema mwenyewe: bodi, transfoma na vitufe vya sauti. Kisha huijengea roho hiyo sanduku la plaiwudi nene, lililogundishwa na kubanwa kwa vibano usiku kucha. Kwa mwezi hutoa spika tatu, nne ukiwa mwezi mwema. Zinalisha nyumba, ingawa haziinenepeshi.

Kununua sabufa kuukuu kuna elimu yake. Fundi haamini maandishi ya nje. "Imeandikwa wati elfu kumi," anasema akicheka mpaka mabega yanatikisika. "Wati elfu kumi unachomelea geti! Fungua ndani, transfoma ni sawa na kiganja cha mtoto." Zamani alipima kwa uzito, kwa kuwa transfoma ya kweli ni nzito. Hadi siku aliponunua moja nzito kuliko zote, akaibeba kwa furaha, akaifungua na kukuta kipande cha zege kimegundishwa chini.

"Nimekitunza," anasema mkewe. "Kinazuia mlango."

Mke huyu ana miaka hamsini na mitatu na masikio yanayosikia chungu kikianza kuchemka akiwa uani. Tangu mwanzo yeye ndiye aliyesikiliza. Mteja alipokuja kujaribu spika, mke huyu, ambaye wateja humwita mama, alisimama nyuma yake, fundi akisimama mbele. Mama akigusa pua, fundi alielewa kuwa sauti inatokea puani. Akigusa kifua, ni kikohozi. Akijifunga vizuri kitambaa cha kichwa, mambo safi, taja bei. Mteja alimwona fundi akifumba macho, akitikisa kichwa na kusema, "Ngoja, kuna kitu hakijakaa sawa," naye akaondoka akisifu sikio la mzee yule.

"Nilikuwa najikuna pua kila siku," anasema mama. "Mteja mmoja akanishauri nikapime mzio."

Kwa nini kuficha? Fundi anageuza chuma cha kulehemu mkononi kabla ya kujibu.

"Mpishi asiye na ulimi, nani atakula kwake?"

Siri hiyo ilishika miaka tisa, na huenda ingeshika mpaka leo. Lakini mwezi mmoja uliopita dada yake mama huyu alivunjika nyonga, na mama akaenda kumuuguza kwa majuma matatu. Katika majuma hayo ndipo mwalimu wa darasa la watu wazima wasioona alipopiga hodi.

Darasa lake lina wanafunzi kumi na wawili. Wanajifunza kwa vidole, na kila alasiri wanasikiliza vitabu vilivyorekodiwa. Redio yao ndogo ilikuwa imekufa. Mwalimu alitaka spika moja ya kujaribia. Ikifaa, angeagiza nyingine nne kwa vyumba vingine vya kituo. Spika tano kwa mpigo ni agizo ambalo fundi hajawahi kulipata.

Hakutaka kumngoja mkewe. "Niliona aibu kusema subiri mama arudi," anasema. "Mwanamume mzima, fundi mzima!"

Hapo akafanya kosa ambalo fundi mwenye masikio mazima asingelifanya. Bodi ya sabufa ina njia tatu za kutolea sauti. Mbili ni za spika ndogo za pembeni, nazo hubeba maneno. Ya tatu ni ya besi, yenye nguvu kuliko zote, lakini imewekewa kichujio kinachozuia kila kitu isipokuwa mtikisiko. Fundi alijaribu zote kwa paji la uso. Za pembeni hakuzihisi. Ya besi ilimtikisa hadi kwenye meno. Akafunga spika yake kubwa kwenye njia hiyo, akagundisha sanduku, akalipiga vanishi mikono mitatu, akalipeleka mwenyewe.

Siku ya tatu mwalimu alirudi, sanduku likiwa juu ya mkokoteni.

"Fundi, usikasirike. Tunasikia mtu anahamisha makabati. Msomaji hatumsikii."

Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililomuumiza fundi zaidi. Alimpa majuma mawili. Baada ya hapo, alisema, itabidi anunue za dukani, kwa sababu wanafunzi wake wanakaribia mtihani.

Mama aliporudi alimkuta mumewe amekaa mbele ya sanduku lililopasuliwa, hajanyoa siku nne.

"Aliniambia anataka kuacha," anasema mama. "Anasema atarudi kwenye kutengeneza viti, viti havina kelele. Nikamwambia sawa, acha, lakini kwanza malizia hiki. Mimi sikugusa pua miaka tisa ili uache makabati ya watu njiani."

Kwa hiyo asubuhi hii ya Ijumaa ndiyo ya mwisho ya majuma yale mawili. Fundi amehamishia spika kubwa kwenye njia za pembeni, zile za maneno, na besi ameipa spika yake ya pili, ndogo, ikae kimya nyuma kama msindikizaji. Kilichobaki ni kapasita, kile kidude kinachochuja sauti mlangoni mwa njia za maneno. Kiwandani waliweka ndogo, inayofaa kwa vispika vya ukubwa wa kikombe, nayo inaizuia nusu ya chini ya sauti ya mtu isipite. Ndiyo maana msomaji anasikika puani. Fundi anaing'oa na kulehemu nyingine, nene kama kidole gumba.

"Jaribu sasa."

Mama anasikiliza. Anaingia ndani, anazunguka sanduku, anatoka nje hadi kwenye kamba ya nguo, anarudi.

"Mafua yamepona," anasema. "Twende kabla hujaanza kuipiga msasa tena."

Kituo ni jengo refu la ghorofa moja lenye sakafu ya saruji iliyong'arishwa na kamba ukutani ya kushika wakati wa kutembea. Wanafunzi wamekaa nusu duara. Kiranja wao ni mwashi wa zamani, mtu wa miraba minne aliyepoteza macho akiwa na miaka arobaini. Mwalimu anachomeka waya, anabonyeza. Sauti ya mwanamke inaanza kusoma hadithi.

Fundi anawatazama usoni mmoja mmoja. Kisha anamtazama mkewe, ambaye mikono yake imetulia mapajani. Safari hii haisemi chochote.

Kiranja anainua kidole. "Huyu msomaji ana pengo."

"Pengo gani?" anauliza mwalimu.

"La mbele. Hewa inapita akifika kwenye 's'. Sikilizeni."

Darasa zima linatega sikio, kisha linapasuka kwa kicheko. Mwalimu ameziba mdomo kwa mkono. Anamfahamu msomaji yule, na pengo lipo, juu upande wa kushoto.

Lakini kiranja hajamaliza. Anasogea hadi kwenye sanduku, anapapasa kona zake kama alivyozoea kupapasa tofali, anasimama kwenye kona ya nyuma. "Hapa panapumua, fundi."

Fundi anapiga magoti, anaweka kidole. Upepo mwembamba unamgusa. Anatoa chupa ya gundi mfukoni na kuziba ufa.

"Kazi nzuri," kiranja anasema akiwa bado ameinama karibu naye. "Sasa niambie, kaka. Ile ya kwanza ilikuwaje? Hukuisikiliza?"

Mama anafungua mdomo. Amezoea kumwokoa. Fundi anamnyooshea kiganja: ngoja.

"Niliisikiliza peke yangu," anasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ni ndogo. "Sikio la kulia limekufa. La kushoto limebaki na besi tu. Anayesikiliza spika zangu ni huyu mke wangu, tangu siku ya kwanza. Ile ya kwanza niliifanya akiwa hayupo."

Mwashi anakuna kidevu.

"Basi hapa tumekutana," anasema. "Sisi hatuoni, wewe husikii. Tukijumlishwa tunatimia mtu mmoja mzuri tu!"

"Na pengo lake!" mwanafunzi mmoja wa kike anadakia.

Fundi hajasikia alichosema mwanafunzi huyo, lakini anawaona wakicheka, na mkewe anamrudia maneno hayo karibu na uso. Naye anacheka, kwa kuchelewa, kwa ngurumo yake yote.

Mwalimu anaagiza zile nne, kwa sharti moja. "Isitoke hata moja kwenu kabla mama hajaisikia. Na zikifika hapa, kiranja azipapase."

Mama anajifunga vizuri kitambaa cha kichwa. Kisha anakumbuka kwamba hakuna mteja wa kumficha, anacheka peke yake.

Jumatatu ijayo, fundi anasema, atakwenda hospitali kupimwa, jambo ambalo mkewe amemwomba kwa miaka tisa. Ameshaulizia. Kifaa cha kuvaa sikioni kinagharimu sawa na spika zake kumi na moja. Hizi tano ni karibu nusu ya safari, na anakadiria kufika mwisho wake kabla ya mwaka kuisha.

"Akikipata mimi naenda likizo," anasema mama. "Nimesikia kwa niaba ya watu wawili, nimechoka. Na kuna mambo nimemwambia miaka hii akaitikia ndiyo, ndiyo. Ataulizwa."

Gundi imekauka na msomaji anaendelea. Wanafunzi wameinamisha vichwa. Mmoja anashika kifua, mwingine anatikisa kichwa kwa masikitiko. Baadaye kidogo wote kumi na wawili wanaangua kicheko kwa wakati mmoja, na mwalimu pia, na mama pia. Fundi amesimama ukutani, kofia mkononi, anawatazama kama mtu aliye nje ya dirisha la nyumba yenye taa.

Mkewe anageuka ili amrudie maneno. Fundi anamzuia.

"Usiniambie," anasema. "Nikishapata hilo sikio nitakuja nikae pale nyuma kabisa, waianze hadithi upya. Nataka nicheke pamoja nao."