Hesabu ya Mchana

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilivaa gauni langu la kanisani ingawa haikuwa siku ya kanisa, nikaenda kusimama karibu na mfereji wa maji wa laini yetu ya nyumba ili nionekane. Ukutani, juu ya mfereji, ilikuwa imebandikwa karatasi ndefu iliyochapwa na mashine, na karatasi ile ilikuwa kazi yangu. Nilitaka watu waisome nami niwe pale wakiisoma. Ujana una vituko, na kituko changu kikubwa kilikuwa hicho, kupenda kusifiwa.

Wewe umeniuliza maoni yangu juu ya shule za siku hizi, na maghorofa yanayoota kila mahali huku Eastlands, mashariki mwa jiji, na siasa mnayobishania kwenye simu. Unadhani kwa kuwa nimeandika programu za kompyuta maisha yangu yote, basi nina jibu la kila kitu. Wakati ule nami nilidhani hivyo. Kaa nikueleze yaliyonipata, na maoni yangu utayapata humo humo.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea mwisho. Mtaa wetu ulikuwa mwendo mfupi kutoka Makongeni: nyumba za mawe, za chini, zimepangwa laini kwa laini, milango ikitazamana, na katikati uwanja wenye mfereji mmoja na kamba za kuanikia nguo. Nyumba zilikuwa za kampuni tuliyoifanyia kazi, nami nilikuwa mwanamke wa kwanza mtaani kuandika programu. Kila asubuhi nilitembea kupitia Muthurwa hadi mjini, kwenye chumba chenye baridi ambamo mashine moja ilikuwa kubwa kuliko nyumba yangu. Kila jambo lilitobolewa kwenye kadi ngumu ya karatasi yenye nafasi themanini, na kisichoenea katika nafasi themanini ni kama hakikuwapo duniani. Vijana wa laini waliniita Kompyuta. "Sasa, Kompyuta!" walipaza sauti nikipita, nami nikajifanya nimeudhika, kumbe moyoni nafurahi.

Maoni nilikuwa nayo mengi kama manyoya ya kuku. Niliamini kwamba asiyefaulu mtihani hana la kumfundisha aliyefaulu. Niliamini kwamba uwanja wetu ni ardhi iliyopotea bure, na kwamba anayeishi peke yake katika vyumba viwili anawadhulumu wenye watoto. Taarifa ya habari ya saa saba ikisomwa redioni, mimi ndiye niliyemsahihisha msomaji. Mume wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa akichukua kofia yake polepole na kwenda zake soko la Burma kula nyama na rafiki zake.

Basi kampuni ikataka nyumba zigawanywe upya. Familia kubwa zilikuwa zimebanana chumba kimoja, na kilio chao kilikuwa cha haki, hilo silikatai hata leo. Mkubwa wangu akanipa kazi ya kuandika programu itakayopanga nani akae wapi. Makarani walipita jioni, nyumba kwa nyumba, wakaandika wanaolala humo. Mimi nikaletewa namba ya nyumba, idadi ya vyumba na idadi ya watu. Majina sikupewa, wala sikuyaomba. Niliijaribu programu ile mara tatu, na haikuwa na kosa hata moja. Ilichukua watu wenye nafasi kubwa ikawapeleka kwenye vyumba vya mtu mmoja mmoja karibu na lango kuu, na wenye watoto wengi ikawapa nafasi zao. Kila mtu apewe wiki mbili awe amehama.

Turudi kwenye mfereji. Wanawake waliisoma ile karatasi, wakarudi kwenye ndoo zao. Nilingoja pongezi, hazikuja. Aliyeniita alikuwa Mzee Musyoka, mwashi aliyezijenga nyumba zile akiwa kijana, na ambaye vidole vyake havikuwa vikinyooka tena kwa kushika nyundo.

"Njoki, hebu kuja hapa. Hii mashine yako ilihesabu watu?"

"Ilihesabu, Mzee. Wote."

"Iliwahesabu saa ngapi?"

Sikulielewa swali. Nikamwambia makarani walipita jioni, watu wakishatoka kazini.

"Haya. Namba kumi na saba kuna watu wangapi?"

Nikatazama karatasi. "Mmoja. Vyumba viwili, mtu mmoja. Anahamia kule langoni."

"Na mchana?"

Nikaitazama karatasi tena, mwanangu. Namba kumi na saba ilikuwa nyumba ya Mama Zuhura, mjane aliyeachiwa nyumba ile mumewe alipofariki. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, akina mama wa laini yetu waliokwenda viwandani na sokoni walimletea watoto wao wadogo, kumi na mmoja kwa jumla. Aliwanywesha uji, akawafundisha kuhesabu kwa maharagwe, akawatoa uwanjani kucheza huku akiwatazama kutoka mlangoni. Akihamia chumba kimoja kule langoni, kando ya barabara ya malori, watoto wale hawana pa kwenda, na mama zao hawana kazi. Mmoja kati ya hao kumi na mmoja alikuwa wangu mimi, Wambui, wa miaka miwili. Nilimpeleka pale kwa mikono yangu kila siku ya Mungu, kisha nikaenda mjini nikaiambia mashine kwamba nyumba hiyo ina mtu mmoja.

"Wewe umesoma," Mzee Musyoka akasema bila ukali, na afadhali angenigombeza. "Mimi sikusoma. Lakini sijawahi kujengea mtu nyumba kabla sijajua atapikia wapi, na mtoto atachezea wapi mama akimwona. Huu uwanja unasema ni wa bure, ndio sitting-room yetu. Nyumba njema si mlango, Njoki. Fungua uingie ndani."

Nikaenda namba kumi na saba. Hata Jumamosi ile nilikuwa nimemwachia Mama Zuhura mtoto, ili nikasimame mferejini bila usumbufu. Nilimkuta anafunga sufuria zake kwa leso. Nikataka kuomba msamaha, lakini akaniwahi. Yeye akaniambia tu, "Ingia, mwanangu. Wambui ameshakula, amelala huko ndani. Usimwamshe." Nililia pale pale mlangoni, na gauni langu la kanisani.

Jumatatu nikaenda kwa mkubwa wangu. Nilikuwa bado kwenye majaribio, umebaki mwezi mmoja niandikwe kazi ya kudumu. Akaniuliza kama programu ina kosa. Nikasema haina. Akauliza, sasa shida iko wapi?

"Tuliwahesabu wanaolala, bwana. Mchana, mtaa ule ni mwingine."

 Akanipa wiki moja ya kurekebisha, na akaniongezea miezi sita ya majaribio ili nijifunze kutopoteza karatasi za kampuni. Nilikubali yote mawili. Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, na mimi sikuwa tayari kulirudia.

Wiki ile nilibisha hodi mlango baada ya mlango, jua likiwa utosini, daftari mkononi. Nilimkuta askari wa usiku amelala kwenye kitanda kile kile ambacho mpwa wake hukilalia usiku. Nilimkuta fundi cherehani mwenye mashine mbili na wanafunzi watatu katika chumba ambacho karatasi yangu ilisema kina mzee mmoja mstaafu. Niliwakuta pia makapera wawili wenye vyumba viwili ambao walinishukuru kwa kuwahamisha, maana kule langoni hakuna wa kuwauliza wanarudi na nani. Mtaa niliokuwa nikiishi ndani yake, mwanangu, nikaujua wiki ile. Nikarudi ofisini nikakuta kwenye kila kadi kuna nafasi nne ambazo sikuwa nimezitumia. Humo nikaingiza mchana.

Orodha mpya ilipotoka, Mama Zuhura alibaki kwenye nyumba yake, na wengine tisa wakabaki kwenye zao. Familia ya watu saba iliyokuwa ipewe vyumba vya Mama Zuhura ilipata vile vya makapera. Safari hii sikwenda kusimama karibu na mfereji.

Miaka ikapita, Wambui akaanza shule. Siku moja nikamuuliza Mama Zuhura jambo lililokuwa likinisumbua. Alikuwa anageuza mahamri kwenye mafuta.

"Mama, mbona siku ile hukuja kuniambia? Ungenijia, ningekutoa kwenye orodha mara moja."

"Ndiyo maana sikuja," akasema. "Ungenitoa mimi. Na wale wengine tisa, ambao hawakukulelea mtoto, wangemwendea nani?"

 Mwanamke yule hakuwahi kukaa darasani hata siku moja.

Basi mwanangu, hayo ndiyo maoni yangu. Somesha watoto wako, uwasomeshe sana, lakini uwafundishe kwamba mtihani humpima mtu kwa yale aliyoyafikiria aliyeutunga, na dunia ina mengi ambayo mtunga mtihani hakuyafikiria. Maghorofa siyachukii, mimi mwenyewe naishi kwenye moja, ghorofa ya tatu, na upepo wake ni mzuri. Ila nikiona jengo ambalo watoto wanachezea kwenye ngazi, najua aliyelichora alihesabu vitanda akaenda zake. Na hizo habari mnazobishania, mtu akikuletea hesabu ya watu, usikimbilie kumsifu wala kumtukana. Muulize aliwahesabu saa ngapi, na nani hakuwamo. Kuuliza si ujinga. Na ukiwa wewe ndiye mwenye kalamu, usimwokoe unayemjua peke yake, kwa sababu yule usiyemjua naye anafunga sufuria zake.

Nimezeeka vizuri, sina manung'uniko. Nakuombea kazi ya mikono yako isimtoe mtu machozi ila ya furaha. Nakuombea majirani wenye ulimi wa kweli, na masikio ya kuwasikia kabla karatasi haijabandikwa. Mungu akubariki wewe na wale wote wanaokutegemea, hata wale usiojua kwamba wanakutegemea.